Waja leo, waondoka leo: mgonjwa wa Tanga anabaki na nani?

Mama yangu anaishi na kisukari mwaka wa 13 sasa. Madaktari waliomwona ni wengi, mabingwa wakiwemo, na kila mmoja wao namwombea heri. Lakini mguu wake wa kushoto anautembelea hadi leo kwa sababu ya nesi mmoja wa kliniki ya Alhamisi aliyemwambia, "Mama, vua na soksi, nizione nyayo zako."

Kabla ya hapo, miezi minne mfululizo, tulikuwa tukihudhuria hospitali nyingine. Tunafika alfajiri, tunapanga foleni, sukari inapimwa, presha inapimwa, kadi inaandikwa, dawa inaongezwa kidogo, tunapanda daladala kurudi Makorora. Miguu haikutazamwa hata mara moja. Mama naye hakulalamika kwa kuwa hakusikia maumivu, na hapo ndipo kisukari kinapomwonea mtu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguuni hufa kidogo kidogo. Mtu anakanyaga kigae, au kiatu kinambana, naye hana habari. Mama alikuwa anakwenda sokoni Mgandini na kurudi kwa miguu huku ana kidonda.

Nesi yule alichukua uzi mgumu wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti, akamwambia mama afumbe macho na aitikie kila anapoguswa. Akamgusa kisigino, akaitikia. Akamgusa chini ya kidole gumba, kimya. Akagusa sehemu nyingine mbili za unyayo, kimya. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mkoba wake, natazama uzi ukipinda kwenye ngozi ya mama yangu na mama hajui kama anaguswa. Kisha akavitenga vidole viwili vya mwisho, na kidonda kikaonekana, kidogo kama punje ya mbaazi, kimeanza kutoa harufu. Akashika mapigo ya damu kwenye kifundo, akasema damu bado inafika, tumshukuru Mungu. Akasafisha, akakata ngozi iliyokufa, akafunga. Kisha akatoka kwenda chumba cha pili kumwita tabibu, yaani mtoa tiba wa ngazi ya chini ya daktari mwenye shahada, aandike dawa, kwa kuwa yeye dawa aliijua kwa jina na kipimo ila hakuruhusiwa kuiandika. Tabibu akampigia simu daktari bingwa, wakasemezana dakika tatu au nne, na mama akaanza matibabu asubuhi ileile.

Kazi ile ni ya kibingwa. Iliokoa mguu, na walioifanya ni nesi na tabibu, bingwa akiwa kwenye simu.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile, na nimefikia mahali nataka kulisema waziwazi. Hapa kwetu tunazungumza kana kwamba tiba ya kibingwa ni mtu mmoja, bingwa mwenyewe, na asipokuwepo basi tiba haipo. Kumbe mkoani na wilayani tiba hiyo imebebwa miaka yote na watu ambao hatuwaiti mabingwa: tabibu, daktari msaidizi, nesi aliyepata mafunzo ya ziada. Tunawategemea bila kuwatambua, na kwa sababu hatuwatambui, tunawapoteza.

Mtu wa kada hizi wazee wetu walimwita "bwana dresa". Baada ya uhuru, madaktari Watanganyika walipokuwa wa kuhesabika kwa vidole, serikali haikukaa kungoja chuo kikuu kitoe wengine. Mwaka 1963 ilianza mafunzo ya madaktari wasaidizi: tabibu mwenye uzoefu kazini anarudi darasani, anatoka akiwa anaweza kupasua. Na walipasua kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za wilaya nchini ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya oparesheni kubwa za uzazi zilifanywa na madaktari wasaidizi, na haikuonekana tofauti ya maana kati yao na madaktari wenye shahada, si kwa vifo vya akina mama wala vya watoto. Nikisoma hilo huwa nawafikiria wanawake wote wa Handeni na Kilindi waliojifungua kwa kisu usiku wa mvua. Wengi wao hawakumwona daktari mwenye shahada. Walimwona daktari msaidizi, na pembeni yake nesi wa usingizi, ambaye naye ni kada ileile ya watu wasiotajwa. Nchini mwetu sehemu kubwa ya dawa za usingizi hutolewa na manesi na matabibu waliosomea kazi hiyo mwaka mmoja, na bila wao hakuna daktari wa upasuaji anayeshika kisu.

Marekani walianza jambo linalofanana na hili mwaka 1965, miaka miwili baada yetu. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianza kuwasomesha manesi kupima, kutambua ugonjwa na kutibu. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Duke, daktari Eugene Stead alichukua watu waliokuwa watabibu wa jeshi la majini, akawafanya wasaidizi wa madaktari. Watatu wa kwanza walihitimu mwaka 1967. Leo manesi wa namna ile wamepita laki tatu, na katika zaidi ya nusu ya majimbo wanatibu na kuandika dawa bila kusimamiwa na daktari. Wasaidizi wa madaktari nao walikusudiwa zaidi kuziba pengo la madaktari wa kawaida, lakini wengi wao sasa wako kwenye tiba za kibingwa: mifupa, ngozi, moyo, dharura, vyumba vya upasuaji.

Ukitazama wanavyogawana kazi utaelewa kwa nini. Bingwa wa moyo anamwona mgonjwa mpya, anaamua ugonjwa ni huu na njia ni hii. Baada ya hapo mgonjwa yule atahitaji kuonwa tena na tena, aulizwe kama miguu imevimba, apimwe uzito, dawa ya kukojoa iongezwe au ipunguzwe, damu irudiwe kupimwa. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya tiba ya kibingwa, marudio. Inataka mtu aliyeisoma kazi hiyo vizuri, mwenye subira, anayemjua mgonjwa kwa jina. Haitaki kila mara mtu aliyesoma miaka zaidi ya kumi. Bingwa akiachiwa marudio yote, wagonjwa wapya watamsubiri miezi. Wagonjwa wa Tanga tunaijua miezi hiyo.

Majirani zetu wa Msumbiji walikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1984 wanawafundisha watu wasio madaktari upasuaji, na walipofuatilia baada ya miaka saba wako wapi, asilimia 88 ya mafundi hao wa upasuaji walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya. Madaktari waliopangiwa wilayani katika kipindi hicho, hakuna hata mmoja aliyekuwa amebaki. Siwalaumu madaktari. Mtu aliyesoma miaka yote ile ana haki ya kutaka kuendelea, na wilayani hakuna pa kuendelea. Lakini mgonjwa wa Pangani hawezi kuugua kwa kufuata uhamisho wa watumishi.

Nikisema Pangani namkumbuka ami yangu. Pwani yetu hii imeteswa na matende na mabusha vizazi na vizazi. Ni minyoo midogo inayoletwa na mbu, inaziba njia za majimaji mwilini, na kwa wanaume huishia kwenye busha. Dawa za kumeza zilizogawiwa mitaani na vijijini zimepunguza maambukizi sana, ila mwenye busha tayari hasaidiwi na kidonge, anahitaji kisu. Ami aliishi nalo miaka 19. Aliacha kupanda baiskeli, na mwanamume wa pwani ya Tanga kuacha baiskeli ni kama kukatwa mguu. Aliacha kusimama safu ya mbele msikitini. Shangazi yangu alimtafutia nafasi ya kwenda kwa bingwa mjini mara mbili, na mara zote mbili ami alirudia stendi. Aliona aibu kupanda basi na hali ile.

Aliyempasua mwishowe ni daktari msaidizi, mtu aliyekuwa amefanya mabusha mengi kuliko madaktari wengi watakavyofanya maishani mwao. Ilichukua chini ya saa moja. Ami alikaa siku chache akarudi nyumbani. Kanzu yake ya Idi mwaka ule ilibidi fundi aipunguze.

Vyuo vyetu vimeacha kudahili madaktari wasaidizi wapya. Sababu iliyotolewa ina mantiki: sasa tuna vyuo vikuu vingi vya tiba, madaktari wanahitimu kwa wingi kuliko zamani, wachukue nafasi hizo. Mimi nauliza swali moja tu. Yule mzee wa mabusha akistaafu, mkono wake unarithiwa na nani? Daktari kijana anayeletwa wilayani akijua ataondoka kusomea ubingwa baada ya miaka miwili mitatu, atakuwa ndiyo kwanza ameanza kuuzoea mkono.

Nimekutana na hoja ya upande wa pili kutoka kwa binamu yangu ambaye ni daktari, tena nampenda na kumheshimu. Aliniambia, "Dada, wewe unataka matajiri waonwe na mabingwa, maskini waonwe na wasaidizi. Hiyo ni haki?" Sikumjibu usiku ule kwa sababu aliniuma. Tena najua ana ushahidi ndani ya familia yetu wenyewe.

Mama mdogo alipoteza jicho moja kwa mkono wa tabibu. Macho yalikuwa yanamwasha, akaenda kwenye kituo kimoja, akapewa dawa ya matone iliyomtuliza siku ileile. Alipomaliza chupa akarudi, akapewa nyingine. Miezi minane. Dawa zile zilikuwa za jamii ya steroidi, zinazotuliza mwasho haraka, lakini ukizitumia muda mrefu bila kupimwa zinaweza kupandisha presha ya jicho, na presha ya jicho huua mshipa wa kuonea bila kelele. Alipokuja kugundulika, jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa. Presha ya jicho haina marejesho, kilichopotea kimepotea.

Nimemchukia tabibu yule kwa muda mrefu. Sasa simchukii tena, ingawa sijaacha kuumia. Alikuwa peke yake kituoni. Hakufundishwa macho zaidi ya wiki chache za chuoni. Hakuwa na kifaa cha kupimia presha ya jicho, hakuwa na bingwa wa kumpigia, na hakuna aliyemwandikia popote kwamba matone haya usimpe mtu zaidi ya siku kadhaa, akirudi mpeleke mbele. Nesi wa miguu na tabibu wa macho ni kada za jirani kabisa. Kilichowatofautisha ni kwamba nesi alifundishwa jambo moja mpaka akalimudu, akapewa uzi wa nailoni, na nyuma yake kulikuwa na simu inayopokelewa.

Kwa hiyo namjibu binamu yangu sasa. Dhuluma ninayoiona mimi ni kumwacha msaidizi afanye kazi ya kibingwa bila mafunzo ya kibingwa. Hilo linatendeka leo, kila siku, kwa sababu mgonjwa hafiki kwa mwingine. Akifundishwa, akapewa mpaka wake na akawa na mkubwa wa kumuuliza, maskini atakuwa amepata kitu ambacho hata tajiri wa mjini hana hakika nacho, mtu anayemfuatilia.

Na mfano wa kufundisha vizuri hatuhitaji kuufuata ng'ambo. Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Wanafunzi wake wa stashahada ya juu wamekuwa matabibu na manesi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wanakaa miaka miwili, wanajifunza ukoma, ukurutu, magonjwa ya zinaa, saratani za ngozi, na jinsi ya kuwalinda wenye ualbino dhidi ya jua. Kisha wanarudi walikotoka na kuwa ndio watu wa ngozi wa wilaya nzima. Hata mguu wa mama yangu una deni kwa kazi ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walianza mradi wa kufundisha utunzaji wa miguu ya wenye kisukari, na walichofanya ni kumleta daktari pamoja na nesi wa hospitali moja, wakafundishwa wakiwa jozi. Mmoja akihama au akiwa na foleni, mwingine yupo. Naona busara kubwa katika neno hilo, jozi.

Tangu mwaka 2024 tumezoea kuwaona Madaktari Bingwa wa Mama Samia wakija katika hospitali za wilaya. Nimewaona watu wakitoka vijijini na vikapu vya chakula, wakilala kwenye varanda ili wawahi namba. Nimemwona bibi akifunguliwa bandeji ya mtoto wa jicho na kumtazama mjukuu wake usoni. Atakayebeza kambi zile hajawahi kukaa gizani. Lakini sisi wenyeji wa hapa tuna msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo. Siku zikiisha mabingwa wanapanda magari. Aliyepasuliwa Ijumaa anatoa usaha Jumatano ijayo. Aliyeanzishiwa dawa ya kifafa anahitaji kipimo kibadilishwe baada ya mwezi, na anayetoka Lutindi, kule milimani Korogwe ambako wagonjwa wa akili wametunzwa kwa zaidi ya karne, anarudi kijijini ambako dawa zake zitasimamiwa na zahanati. Hao wote wanabaki na nani? Wanabaki na tabibu na nesi, ambao mara nyingi kambi nzima wamekuwa wakipanga foleni na kuandika majina.

Mimi ningetaka kila bingwa anayekuja na kambi apewe tabibu mmoja na nesi mmoja wa hospitali ile, wakae naye chumba kimoja siku zote, waone kila mgonjwa, na akiondoka awaachie orodha ya wagonjwa wake na namba ya simu. Akirudi baada ya miezi sita awakute walewale. Ndivyo jozi inavyojengwa. Tena ningetaka nesi aliyesomea kisukari aruhusiwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga kuandika dawa chache zilizotajwa kwa majina, asiwe wa kutoka mbio chumba cha pili kutafuta sahihi wakati mgonjwa ana homa. Wenye kuogopa hilo nawaelewa. Uingereza wamezozana sana kuhusu wasaidizi wa madaktari, na ripoti ya tathmini iliyoandaliwa kwa ajili ya serikali mwaka 2025 ilishauri waitwe wasaidizi waziwazi, na wasiwe wa kwanza kumwona mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujatambuliwa. Kisa kikubwa kilikuwa kwamba wagonjwa walidhani wameonwa na daktari. Hapo nakubaliana nao kabisa. Beji iseme wewe ni nani, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka na mama asiye na miwani. Mgonjwa akijua anaongea na nesi wa kisukari hatamdharau. Mama yangu hajawahi kumdharau.

La mwisho ni la mshahara na muundo wa utumishi, nami nalisema kwa uchungu. Nesi akijifunza ujuzi wa miguu, au wa macho, au wa kuhudumia wagonjwa wa saratani walio mahututi kama walivyofanya miaka mingi Muheza, ujuzi huo mara nyingi haumwongezei cheo wala haumfungi na kitengo chake. Kwenye karatasi yeye ni nesi tu, na nesi anapangwa popote penye upungufu. Miaka ya ujuzi inafutwa na karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani Jumatatu asubuhi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa nesi wetu. Amehamishiwa wodi ya wazazi, na sina shaka akina mama kule wamepata mtu. Tulimkuta koridoni, mama akamshika mikono yote miwili, akamwuliza, "Umetuacha, mwanangu?" Akasema, "Nimepangiwa, mama. Miguu unaitazama lakini?" Mama akasema anaitazama, na mimi namwekea kioo sakafuni kila usiku kabla hajalala ili aone chini ya nyayo.

Alhamisi iliyopita tuliingia kliniki kama kawaida. Mama alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akavua na soksi bila kuambiwa, akanyoosha mguu wa kushoto. Aliyekuwa mezani aliinua macho kutoka kwenye kadi, akamtazama, akamwuliza, "Mama, mguu una nini?"